Mama Polisi wa Kasongo

Mume wangu alishikwa na homa akiwa safarini, njia ya Kabambare, na wenzake wakamrudisha Kasongo juu ya machela ya miti akiwa ameshakufa. Alikuwa polisi wa teritware, wilaya ya serikali ya wazungu. Walimlaza kwenye barza yetu, wakaenda kwanza biro, ofisi ya serikali, kutoa habari, ndipo wakarudi kunipa pole. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba natwanga sombe, majani ya mihogo. Nilisikia sauti zao zinakuja, kisha zinaondoka, na hakuna aliyeniita. Nikatoka kuangalia ni nini. Nikamkuta pale peke yake, uso umefunikwa kwa kofia yake nyekundu.

Nyumba za kambi zilikuwa za polisi. Mjane hakuwa na nafasi ndani yake. Matanga yalikuwa hayajaisha wakati kaporali aliyesimamia kambi alipokuja, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Mama, pole sana," alisema. "Lakini hii nyumba iko na mwenyewe tayari. Polisi mupya yuko njiani, anatoka Kindu na muke wake."

"Niende wapi na mutoto?"

"Kwenu. Ao kwa shemeji yako. Muke hakosi pa kwenda."

Shemeji yangu alikuwa ameshafika kutoka Kabambare kwa ajili ya msiba. Alikuwa na wake wawili, na wote wawili niliwafahamu. Mkubwa alikuwa amepoteza meno ya mbele, na si kwa ugonjwa. Siku ya kuvunja matanga, shemeji alizungumza mbele ya watu wote kana kwamba mambo yamekwisha: mimi na binti yangu tutafungasha, tutakwenda naye, ndiyo desturi. Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Alinishika kikwembe nilichojifunga akaniuliza kwa sauti ndogo kama huyu sasa ndiye baba. Nilimwambia shemeji anipe muda kidogo. Aliitikia kwa kichwa, lakini uso wake ulionyesha kwamba muda huo ni wangu wa kulia tu, wa kufikiri hakunipa.

Kazi ilinikuta katika siku zile. Katika buloko ya Kasongo, kama tulivyoita gereza, mwanamke mfungwa alikuwa ameshika mimba akiwa ndani. Alipougua wakampeleka kwa masista wa misioni, na masista wakahesabu miezi kwa vidole vyao wakaona haiwezekani kuwa ya mumewe. Padri alikwenda biro. Bwana wa teritware, mzungu aliyetawala pale, alikasirika sana, na watumishi wake waliokuwa wakisikiliza dirishani walituambia kwamba hasira ile haikuwa kwa ajili ya yule mwanamke. Alikasirika kwa sababu ameaibishwa mbele ya misioni. Akatoa amri: mlango wa wanawake utashikwa na mwanamke, na wanawake wakitafutwa pombe ya lutuku mwilini watatafutwa na mwanamke.

Wake wa polisi wote walikataa. Wengine walikataa wenyewe, wengine walikataliwa na waume zao. Mimi niliitwa mwisho, kwa sababu sikuwa na mtu wa kunikatalia.

Bwana wa teritware alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, na kaporali amesimama ukutani. Bwana alizungumza Kiswahili cha kuamuru, maneno mafupi mafupi.

"Unaogopa?"

"Ndiyo, Bwana."

"Unaogopa nani?"

"Kila mutu, Bwana."

Alicheka. Akamwambia kaporali jambo kwa Kifaransa, kisha akanigeukia. "Utafaa," alisema. "Nyumba utabaki nayo."

Kwa ajili ya nyumba ile nilikubali, na kwa sababu ya meno ya yule mke mkubwa. Sitasema kwamba nilitaka kutetea wanawake. Fikra hiyo haikuwa kichwani mwangu. Nilitaka mlango wa kufunga usiku mimi na mtoto wangu.

Walinipa koti la kaki lililonifika magotini, nikalivaa juu ya kikwembe. Mkanda ulikuwa wa marehemu mume wangu. Fundi wa misioni aliutoboa tundu jingine kwa msumari wa moto ili unishike kiuno. Walinipa na ufunguo wa chumba cha wanawake. Kofia nyekundu hawakunipa. Kaporali alisema kichwa cha mwanamke kina kilemba tayari, na polisi wote waliokuwa uwanjani wakacheka. Kuanzia siku ile, nikipita, mmoja wao alisimama wima na kunipigia saluti kwa mkono wa kushoto. Wengine waliniletea mashati yao machafu. "Kama ni mwenzetu, atatufulia," walisema. Niliyafua mara ya kwanza. Mara ya pili niliyaacha pale pale walipoyatupa, mvua ikayanyeshea.

Wake zao walikuwa wagumu kuliko wao. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka, tumezalishana, tumeombana chumvi na moto. Sasa niliposogea kwenye kinu, mazungumzo yalikatika. Waliogopa kwamba nashinda kutwa na waume zao, na waliogopa pia kwamba wanayosema nitayapeleka biro. Jirani yangu, yule tuliyelia naye kwenye matanga, aliniambia wazi: "Siye hatukuchukii. Lakini usije tena kuomba moto kwangu. Bwana yangu hapendi."

Kanisani nako, mwalimu wa dini aliniambia niwe naacha mkanda nyumbani siku ya Jumapili. Nilimwuliza kama na polisi wanaume waache. Alisema hilo ni jambo jingine.

Mtu wa kwanza niliyempekua alikuwa mama mzee. Ilikuwa siku ya soko, njia inayotoka upande wa Nyangwe, na kaporali aliweka polisi wake pale kuwasaka watu wanaoingiza lutuku, ile pombe kali ya mihogo na mahindi ambayo serikali iliikataza. Wanawake waliificha chini ya nguo, hata katika mbeleko za watoto. Nilimchukua mama yule nyuma ya ukuta wa matete. Alikuwa na kapu la mihogo, na alitetemeka kwa uchovu wa njia.

"Una mama weye?" aliniuliza.

"Niko naye, mama."

"Iko hai?"

"Iko hai."

"Basi nenda ukamupapase yeye kwanza. Ukimaliza ndiyo uje kwangu."

Nilimpekua. Chini ya kikwembe chake mkono wangu ulikuta kitambaa amejifunga, kimelowa, kwa ajili ya ugonjwa ambao wanawake wazee huwa nao na hawausemi. Nikautoa mkono. Kaporali akapaza sauti kutoka njiani, mbele ya watu wote: "Umepata nini?" Nikajibu hakuna kitu. Mama alijifunga nguo yake polepole, akabeba kapu, akaniangalia. Nilidhani atashukuru hata kwa macho. Alitema mate karibu na miguu yangu akaenda sokoni, na kabla ya adhuhuri soko lote lilikuwa limesikia kwamba mjane wa polisi ameingiza mkono katika nguo za mama mzee.

Kabla yangu kazi ile ilifanywa na wanaume. Walifanya pale pale njiani, bila ukuta wa matete, na wakati mwingine waliwavua wanawake kikwembe kwa kiboko. Watu waliinamisha macho tu. Mwanaume alipowapapasa, walisema ni serikali. Mimi nilipowapapasa, walisema ni malaya. Muuza mafuta ya mawese aliyekuwa akinijazia chupa kila wiki alianza kuniambia mafuta yamekwisha, na ndoo iko wazi mbele yake inang'aa.

Chumba cha wanawake katika buloko kilikuwa kimoja, chenye dirisha dogo la vyuma, mikeka na ndoo. Walikuwamo wanawake wa kila jambo: walioacha pamba waliyolazimishwa kulima ipate magugu hadi mkaguzi akawaandika, waliopika lutuku, waliowakimbia waume. Mmoja, mnene na mwenye nguvu, alikuwa amempiga kapita, mnyapara wa kijiji chake, kwa mchi. Asubuhi nilikuwa nawafungulia, tunakwenda mtoni kuchota maji, kisha wanatwanga mpunga wa wafungwa wote na kufagia uwanja.

Palikuwa na kufagia kwingine. Kabla sijashika ufunguo, kaporali alikuwa akichagua mwanamke mmoja wa kubaki wakati wenzake wanapokwenda mtoni, akafagie nyumba yake. Kambi nzima ilijua kufagia kule ni kufagia gani. Mume wangu alijua. Aliwahi kunitajia mara moja, akiangalia chakula chake, kisha akasema ugali umepoa.

Nilipoingia kazini kaporali aliacha kuchagua kwa muda. Nafikiri alikuwa ananipima. Halafu wakamleta mwanamke kutoka Lusangi.

Alikuwa kijana, mrefu, mwenye maneno machache. Mumewe alikuwa ameandikwa kwenda kuchimba katika migodi, na mpunga wao uliliwa na ndege, ndipo akapika lutuku. Polisi walimkamata akiwa kwenye chungu chake, wakamchukua vile vile, mtoto mchanga akabaki kwa mama mkwe. Siku ya kwanza niliona kikwembe chake kimelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yanamtoka na hakuna wa kuyanyonya. Nikamletea kikombe changu cha bati ili ajikamue. Alijikamua amegeukia ukutani, kisha akaniuliza ayamwage wapi. Nikamwonyesha chini ya ukuta wa nje. Kila asubuhi alifanya hivyo, na pale alipomwaga sisimizi walipanga mstari.

"Mama polisi," aliniuliza siku moja tukiwa mtoni, "mutoto anaweza kuishi na maji ya muchele?"

"Wengine wanaishi."

Alijaza ndoo yake, akaiinua kichwani.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja nilikuwa nimefungua mlango, wanawake wanatoka na ndoo zao, kaporali akaja uwanjani amevaa shati safi.

"Yule murefu abaki," alisema. "Nyumba yangu imejaa vumbi."

Nikamjibu: "Nitakuja kufagia miye, kaporali."

Polisi wawili waliokuwa wanasafisha bunduki walicheka hadi mmoja akadondosha kitambaa. Kaporali hakucheka. Aliniangalia kuanzia kilemba mpaka miguu.

"Sikukuita weye. Mujane ana mikosi."

"Bwana alisema wote niende nao mutoni. Nikiacha mumoja, akikimbia, atauliza ni nani alimwacha."

Nilisema hivyo kwa sababu ndicho kilichonijia mdomoni. Akageuka akaenda zake. Tukaenda mtoni. Njia nzima mwanamke wa Lusangi alitembea nyuma yangu. Yule mnene aliyempiga kapita ndiye aliyesema: "Umemunyima nyama simba. Sasa atakula nani?"

Siku chache baadaye mvua ilinyesha tangu alfajiri, na hatukwenda mtoni. Wanawake walikuwa ndani, mimi nimekaa kizingitini, mlango umefungwa. Kaporali akaja amejifunika gunia kichwani.

"Ufunguo," alisema, amenyoosha mkono.

"Bwana alinipa miye ule ufunguo."

"Ufunguo, nimesema."

Niliutoa kiunoni nikautia kifuani, ndani ya nguo. Sijui ni nani aliyenifundisha kufanya vile. Nilisimama, mgongo ukiwa kwenye mlango, na nikahisi mbao zinatikisika kidogo; wanawake walikuwa wamekuja kusimama upande wa pili, kimya.

"Nani alikufanya polisi weye?" kaporali aliuliza.

"Bwana wa teritware."

"Na nani atakuvua?"

Alinipiga kofi. Nilianguka kwenye matope, nikainuka, nikarudi kusimama pale pale. Akanipiga tena, kwa ngumi safari hii, na jino likalegea. Nilikuwa nimeuficha ufunguo mahali ambapo angeutoa kwa kunivua nguo, na wakati ule tarishi wawili wa biro walikuwa wanapita na miavuli, wakasimama kuangalia. Huo tu ndio ulinzi niliokuwa nao. Kaporali aliokota gunia lake lililoanguka akaondoka.

Mvua ilipopungua nilikwenda biro vile nilivyo, na matope na damu, nikamweleza Bwana kila kitu. Nilimweleza na habari ya kufagia. Alinisikiliza huku akisafisha miwani. Kisha akasema jambo la haki, kama jaji anavyosema: aitwe kaporali, aitwe na huyo mwanamke.

Waliwaleta. Bwana akamwuliza mwanamke wa Lusangi mbele ya kaporali, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake karibu kiasi kwamba pumzi yake ilimfikia shingoni.

"Huyu kaporali alikutaka?"

Mwanamke aliangalia sakafu. Kifua chake kilikuwa kimelowa tena.

"Hapana, Bwana. Sijui kitu."

"Alimpiga huyu mlinzi?"

"Sikuona, Bwana. Mulango ulifungwa."

Hili la mwisho lilikuwa kweli.

Kaporali hakukanusha kwamba amenipiga. Alisema alinipiga kwa sababu nilikuwa nimelewa, na kwamba nanunua lutuku na kuwauzia wafungwa, na kama Bwana hamwamini atume watu nyumbani kwangu. Wakatumwa. Walirudi na chupa waliyoikuta chini ya mkeka wa binti yangu. Mtoto alikuwa amekwenda kuokota kuni. Nyumba haikuwa na mtu tangu asubuhi. Bwana alizibua chupa, akainusa, akakunja uso.

"Nilitaka kusaidia wanawake," aliniambia. Kwa kweli alionekana kuhuzunika. "Mwanamke hafai kazi hii. Nimeona sasa."

Nilifungua mkanda mwenyewe. Sikutaka kaporali anifungulie. Nikauweka mezani, na koti, na ufunguo ambao nilimgeuzia Bwana mgongo kuutoa. Nikabaki na blauzi yangu, na kaporali mwenyewe akanisindikiza hadi kwenye chumba nilichokifungua asubuhi ile, akanifungia ndani kwa kosa la lutuku.

Yule mnene alitema mate ukutani, akasema, "Sasa kaa, uone kunavyonuka ukiwa huku." Wengine waligeuza migongo. Nilisimama katikati sijui niketi wapi, kwa sababu kila mkeka ulikuwa na mwenyewe. Mwanamke wa Lusangi akasogea mpaka ukutani, ikabaki nafasi pembeni yake. Nikakaa. Jino langu lilikuwa linauma, na nilikuwa nafikiri juu ya mtoto wangu anayerudi na mzigo wa kuni kukuta nyumba imepinduliwa. Nililia kwa ajili yake, si kwa ajili ya kazi.

Hawakutafuta mwanamke mwingine wa kushika mlango. Asubuhi iliyofuata ufunguo ulizungushwa na mkono wa kaporali. Hakuniangalia hata kidogo. Alisema tu: "Murefu."

Mwanamke wa Lusangi aliinuka akaenda.

Aliporudi alichukua maji yote ya kunywa yaliyokuwa kwenye ndoo, akaoga nayo pembeni, mbele yetu, akijisugua kwa majani ya mgomba mpaka ngozi ikachubuka. Siku ile tulishinda na kiu na hakuna aliyelalamika. Yule mnene ndiye aliyemfunika kikwembe. Mimi sikusogea. Nilikuwa na hasira naye, na huruma, na nikashindwa kunyoosha mkono. Iliendelea hivyo. Baada ya muda maziwa yake yalikauka, nikaacha kuuangalia ule ukuta wa nje tulipotoka kuchota maji.

Nilipofunguliwa, nyumba ilikuwa na polisi mpya na mke wake. Binti yangu hakuwapo. Jirani, akizungumza nami kupitia mwanya wa mlango, aliniambia shemeji amekuja kumchukua. Nikashika njia ya Kabambare kwa miguu, na vitu vyangu vyote kichwani, nikilala kwa wakristo wa njiani ambao sikuwaambia natoka wapi.

Shemeji alinipokea uwanjani kwake. "Umemaliza upolisi?" aliuliza. "Sasa utakubali kukaa?"

Nilimwambia nimekuja kumchukua mtoto tu. Nilitegemea vita, na nilikuwa nimejiandaa kulala mlangoni kwake mpaka wazee waitwe. Haikuhitajika. Wake zake hawakumtaka mtoto wangu. Walikuwa wakipika lutuku nyuma ya nyumba, na waliogopa kwamba mtoto aliyelelewa na polisi baba na polisi mama atawachongea biro tu siku moja. Mke mkubwa ndiye aliyemtoa, amemfungia na nguo zake katika kitambaa.

"Mupeleke," aliniambia. Kisha akaongeza polepole, shemeji asisikie: "Ni kweli ulimukatalia kaporali mulangoni?"

"Ni kweli."

Aliniangalia, akafungua mdomo wake usio na meno ya mbele kutaka kusema kitu, akaghairi, akarudi kwenye vyungu vyake.

Tulikwenda kukaa kwa mama yangu, nje kidogo ya Kabambare, nikalima mpunga na mihogo. Mama hakuniuliza kitu. Kijiji nacho hakikuuliza, lakini kilijua. Nilipokwenda kisimani wanawake walifunika vyungu vyao. Watoto walimwita binti yangu "polisi" kwenye michezo, na yeye ndiye aliyelazimishwa kila mara kuwa yule anayekimbiwa. Waislamu wa upande wa pili wa njia na wakristo wenzangu, ambao hawakukubaliana juu ya mambo mengi, juu yangu walikubaliana.

Lakini walianza kuja, mmoja mmoja, wakati wa mchana shambani, wakijifanya wanapita. Mwanamke angesimama mpakani, angesifu mpunga wangu, halafu angeuliza: wakikukamata, unasema nini? Ni kweli unaweza kudai usipapaswe na mwanaume? Ukiwa na mimba, wanakufunga? Niliwajibu yote niliyoyajua. Niliwaambia waombe kupelekwa kwa masista, waseme wanaumwa tumbo, waseme kwa sauti watu wasikie. Waliitikia, wakaenda. Jioni kisimani wale wale walinipita bila salamu.

Msimu wa mpunga uliofuata, nikiwa napalilia, niliona mtu amesimama mwisho wa shamba na mtoto mgongoni. Nilimtambua kwa urefu.

Mwanamke wa Lusangi alikuwa amekonda. Hakunisalimu kwanza. Alisema, "Niliogopa."

Niliendelea kupalilia. Mstari ulikuwa mrefu na alinifuata pembeni, hatua kwa hatua.

"Alikuwa ameniambia atawatuma polisi kwa mama mukwe. Na mutoto wangu alikuwa kule. Kumbe mutoto alikuwa ameshakufa. Walikuwa wameshamuzika, hakuna aliyeniambia."

Jembe lilisimama lenyewe. Nilimwangalia yule aliyekuwa mgongoni, mtoto wa kike, macho makubwa, amelala nusu. Sikuhitaji kuuliza ni wa nani. Aliniambia mumewe alirudi kutoka migodini, akamkuta na mtoto huyu, akamfukuza. Kwao pia walimfukuza. Mtu mmoja njiani alimwambia kwamba yule mama polisi wa Kasongo anaishi huku.

"Sina pengine," alisema.

Nilitamani kumwambia kwamba mimi pia sikuwa na pengine, na kwamba neno moja la kweli mbele ya ile meza lingeniachia nyumba yangu. Nilitamani sana. Lakini mtoto aliamka akaanza kulia, na yeye akakaa chini kwenye magugu niliyoyang'oa, akamnyonyesha. Nilirudi kwenye mstari wangu. Tulipomaliza kazi nilitangulia njia, na yeye akanifuata, na sikumwambia arudi.

Alikaa nasi. Alikuwa mchapakazi; alitwanga kuliko mimi na kumtunza mama yangu alipoanza kutoona. Hatukuzungumza tena habari ya Kasongo, isipokuwa siku tuliposikia kwamba kaporali amepandishwa cheo na kupelekwa mahali pengine. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

Halafu ndugu za mumewe walikuja kutoka Lusangi. Mume alikuwa mgonjwa wa kifua kwa vumbi la migodi, na hakuna wa kumhudumia. Walimtaka arudi. Mtoto hapana. Walisema hivyo mbele ya mtoto mwenyewe, ambaye alikuwa ameshaanza kutembea na alikuwa anawaletea kigoda. Mama yake alilia siku nzima, na kesho yake akafunga nguo zake. Alimwacha mtoto mikononi mwangu bila kusema arudishwe lini. Alituma salamu mara chache. Kisha tukasikia naye amekufa.

Nililea mabinti wawili. Mdogo alikua mrefu, mwenye maneno machache. Siku moja alirudi kutoka kisimani, ambako wenzake walikuwa wamemsema, akaniuliza baba yake alikuwa nani. Nilimwambia baba yake alikuwa polisi wa Kasongo. Ilikuwa kweli. Yeye alifikiri nasema habari za mume wangu, akaridhika, akaenda kumwambia dada yake kwamba kumbe wao ni wa baba mmoja. Nilimwacha aende.